Namba Moja Haitoshi: Amonia kwenye Maji na Afya ya Salmoni

Hotuba kwa wafugaji wa samaki, Mwanza

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana wenzangu, habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote, naomba mtazame beseni hili la bluu hapa mezani. Humo mna maji yaliyotoka kwenye mfuko wa vifaranga vya sato waliofika alfajiri kwa basi. Vifaranga wenyewe tumeshawahamisha, wapo kwenye ile ndoo nyeupe, wazima. Mfuko ulijazwa oksijeni ukafungwa kwa mpira tangu jana usiku. Tulipoufungua tulipima palepale: pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ambacho namba yake hushuka uchachu unapozidi, ilikuwa 6.5. Tukapima na amonia, kichupa kikageuka kijani, na kwenye kadi ya rangi kikalingana na miligramu 4 kwa lita. Sasa nimetumbukiza kipampu cha hewa, hivi vidogo vya matangi ya mapambo. Kitapuliza muda wote nitakaokuwa nazungumza, halafu binti huyu wa mbele atapima tena. Mwanangu, shika daftari lako.

Nimefanya kazi miaka 11 kwenye kituo cha kukuzia vifaranga vya salmoni, pwani ya magharibi ya Norwei. Nimeombwa nieleze amonia inafanya nini kwa samaki yule. Wakati wa chai mzee mmoja amenivuta pembeni akaniuliza kwa upole, "Mama, salmoni na sato wetu wapi na wapi?" Swali lake ni la haki. Yule anaishi kwenye maji ya nyuzijoto 10 au 12, huyu anafurahia 28. Lakini wote wawili wanatupa taka ya aina moja kupitia mahali pamoja, na hesabu inayoamua kama taka hiyo itawaua ni ileile. Naijua hesabu hiyo kwa salmoni kwa sababu huko ndiko ilikonitoa machozi.

Nianze na samaki mwenyewe. Ufugaji wa salmoni wa kisasa Norwei huhesabiwa kuanzia mwaka 1970, ndugu wawili wa ukoo wa Grøntvedt walipoweka vifaranga kwenye kizimba katika kisiwa cha Hitra. Leo nchi ile huvuna zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Mnapoona picha za vizimba vikubwa vya mviringo baharini, hapo amonia si tatizo kubwa, kwa kuwa mkondo wa bahari unaingia na kutoka na taka inakwenda nao. Tatizo liko nchi kavu. Salmoni huanguliwa kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na hukaa humo miezi mingi kabla ya kupelekwa baharini. Siku hizi wafugaji wengi huwakuza zaidi wakiwa bado matangini, na maji huzungushwa, yanasafishwa, yanarudi. Hakuna mkondo wa Mungu wa kuchukua taka. Mkondo ni pampu, na nyuma ya pampu yuko mtu wa zamu.

Taka hiyo inatoka wapi? Wengi hudhani ni kinyesi kinachooza chini. Kinyesi kinachangia, na chakula kilichobaki pia, lakini sehemu kubwa inatoka kwa samaki akiwa hai na mwenye afya njema. Chakula cha vifaranga vya salmoni, karibu nusu yake ni protini. Protini ina naitrojeni. Ile isiyojenga nyama lazima itolewe. Sisi binadamu tunaigeuza kuwa urea na kuitoa kwa mkojo. Kuku anaitoa kama ule weupe mnaouona juu ya mavi yake. Samaki hahangaiki na hayo yote: anaitoa ikiwa amonia, na sehemu kubwa inapita kwenye matamvua, palepale anapovutia pumzi. Kila kilo moja ya chakula anachokula huleta takriban gramu 30 hadi 40 za amonia majini. Tangi linalokula kilo 100 kwa siku linajitilia lenyewe kilo 3 mpaka 4 za sumu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliyewahi kufungua banda la kuku lililofungwa wiki nzima anaijua amonia kwa pua na macho. Msiitegemee pua hiyo kwenye maji ya samaki. Kiasi kinachomdhuru salmoni hakina harufu kwa binadamu, na maji yake yanaweza kuwa maangavu kama ya kunywa.

Sasa tusikilizane vizuri. Amonia ndani ya maji ina sura mbili. Moja ni amonia huru. Nyingine imebeba chembe moja ya haidrojeni na chaji ya umeme, inaitwa amoniamu. Amonia huru hupenya utando wa matamvua kama moshi unavyopenya paa la nyasi. Amoniamu haipenyi kirahisi. Sura hizi mbili hubadilishana kila nukta, na anayeamua ni ipi itakuwa nyingi ni pH, kisha joto. Kwenye maji ya nyuzi 12, pH ikiwa 7, amonia huru ni sehemu 2 tu kati ya 1,000 za amonia yote. Ikipanda hadi 8, zinakuwa 21 kati ya 1,000. Hatua moja ya pH, sumu mara kumi, na hakuna aliyeongeza kitu.

Kichupa kinachogeuka kijani hakijui tofauti hiyo. Kinapima jumla. Kwa hiyo mtu akinipigia simu akaniambia, "Amonia yangu ni 1," bado hajaniambia kama samaki wake wamo hatarini. Kwenye maji ya nyuzi 12 na pH 7, miligramu 1 kwa lita inatoa amonia huru ya miligramu 0.002, na salmoni anakula na kukua. Kwenye pH 8 inatoa 0.021, na hapo tumefika kwenye mpaka, kwa sababu viwango vinavyotajwa sana kuwa salama kwa jamii ya salmoni kwa muda mrefu ni kati ya 0.012 na 0.025. Binafsi naona kuuza kipimo cha amonia peke yake, bila cha pH, ni kumuuzia mfugaji saa yenye mshale mmoja.

Samaki mwenyewe ana ulinzi wa ajabu hapo. Kila anapopumua anatoa hewa ukaa, na hewa ukaa inapoingia majini inayafanya yawe na uchachu kidogo. Ile tabaka nyembamba kabisa ya maji inayogusa matamvua yake inakuwa na pH ya chini kuliko maji mengine. Amonia huru inayotoka inakutana na uchachu huo, inabeba haidrojeni, inakuwa amoniamu, na njia ya kurudi ndani inafungwa. Ni mlango wa kutokea tu. Lakini mlango huo unafanya kazi pale amonia ya ndani inapokuwa nyingi kuliko ya nje. Maji yakijaa, taka inabanwa mwilini, na ikizidi, inageuka njia na kuingia.

Ikishabanwa, pa kwanza kuumia ni ubongo na neva. Amoniamu inafanana mno na potasiamu, ile chumvi ambayo neva huitumia kupokezana ujumbe. Inajipenyeza mahali pa potasiamu, na neva zinaanza kufyatuka bila kuamriwa. Ubongo wa samaki unajitetea kwa kuifunga amonia kwenye asidi amino iitwayo glutameti ili iwe glutamini, isiyo na madhara hayo. Ulinzi huo una kikomo chake.

Dalili zake nimeziona kwa macho yangu mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kwanza samaki wanakataa chakula. Punje zinashuka mbele ya midomo yao mpaka chini, na hakuna anayegeuka. Halafu vifuniko vya mashavu vinafunguka na kufunga harakaharaka. Wanasogea kwenye bomba la kuingizia maji na kujipanga hapo. Baadaye mmoja anapinda ubavu, anajirudi, anapinda tena. Anakimbia kwa kishindo, anagonga ukuta wa tangi, anazunguka kama pia, kisha anatulia chali huku mkia unatetemeka. Huyo ni vigumu kurudi.

Lakini wanaokufa hivyo ni wachache. Hasara kubwa iko kwa wale ambao hawafi. Wanakula kidogo, ukuaji unadorora, na ukiwapa msukosuko mdogo tu, kama kuwachanja au kuwahamisha, wanaanguka. Kwenye matamvua, vile vijipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu huonekana vimenenepa, na mahali pengine kurasa mbili zimegandana. Ukurasa uliogandana haupitishi oksijeni vizuri. Nisiwadanganye hapa: uharibifu wa namna hiyo unaweza kuletwa na mambo mengine pia, uchafu unaoelea au vimelea, hivyo ukiuona usikimbilie kuilaumu amonia kabla hujapima.

Na samaki si mnyonge kama tunavyodhani. Huko Sunndalsøra, Norwei, watafiti waliwaweka vifaranga vya salmoni kwenye viwango tofauti vya amonia kwa siku 105, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Mwanzoni waliowekewa amonia walipunguza kasi ya kukua. Kadiri siku zilivyokwenda wakazoea, na mwishoni walikuwa wamewafikia wenzao. Nilipousoma utafiti ule nilifarijika, kisha nikaogopa, kwa sababu nilijua kuna mabosi watakaousoma kama ruhusa. Samaki wale walikuwa na oksijeni ya kutosha, chakula cha kutosha, na hakuna aliyewakimbiza. Salmoni anayeogelea kwa nguvu, aliyeshtushwa, au anayekosa oksijeni, anadhurika kwa amonia ambayo akiwa ametulia angeivumilia. Shambani, siku ya amonia nyingi ndiyo mara nyingi huwa siku ya msukosuko.

Sasa niwaeleze siku yangu.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Tulikuwa tunapeleka vifaranga wakubwa gatini, wakapakiwe kwenye meli yenye matangi. Lori lilibeba maji yenye chumvi kidogo, vifuniko vimefungwa, oksijeni inabubujika kutoka kwenye mitungi. Salmoni wa safari hunyimwa chakula siku kadhaa kabla, ili wasitoe amonia nyingi njiani. Kundi lile lilikuwa limelishwa siku iliyotangulia kwa sababu ratiba ilibadilishwa na hakuna aliyemwambia mlishaji. Tukafika, upepo ukawa mkali, meli haikuweza kutia nanga. Tukakaa gatini saa baada ya saa.

Nilifungua kifuniko nikachungulia. Samaki walikuwa wamelegea, wanapumua polepole, kama watu waliosinzia kwenye chumba kisicho na dirisha. Nilijua ni hewa ukaa. Oksijeni ilikuwepo, ila hewa waliyoitoa wenyewe haikuwa na pa kwenda. Basi nikafanya alichonifundisha kila mtu: nikafungua valvu ya kipulizo ili hewa ukaa itoke. Mkono wangu mwenyewe. Ndani ya dakika chache waliamka, wakaanza kuogelea, na mimi nikamshukuru Mungu.

Kabla ya nusu saa kuisha wa kwanza alianza kuzunguka. Nikafikiri ni mmoja. Nikaona wa pili, wa tatu, kisha maji yote yakawa yanachemka kwa samaki wanaogonga kuta. Nilitumbukiza kipimo. Tulipofika gatini pH ilikuwa 6.6, sasa ilikuwa 7.8. Amonia ya jumla ilikuwa 6 kabla na 6 baada. Ile hewa ukaa niliyoifukuza ndiyo iliyokuwa inaishikilia pH chini, na pH ya chini ndiyo iliyokuwa inaifunga amonia. Nilipoitoa, amonia huru ikapanda zaidi ya mara 15 mbele ya macho yangu, na samaki ndio kwanza wameamka na kuanza kuogelea, yaani wakati ambao neva zao haziwezi kabisa kuvumilia.

Tulitoa waliokufa kwa ndoo mpaka giza likaingia. Naikumbuka ile baridi ya maji kwenye glovu iliyotoboka kidole gumba, na namna walivyokuwa bado wanang'aa ile fedha inayowajia wanapokuwa tayari kwa bahari. Walikuwa wamebakiza mita 20 kuifikia.

Kilichotakiwa ni kuanza na maji. Kubadilisha maji mengi kwa pamoja, ili amonia yenyewe ipungue, ndipo hewa ukaa itolewe. Au kuwatoa samaki wote kwenye maji yale haraka. Hewa ukaa nayo inadhuru, siwaambii muiache iwakae samaki. Nasema tu kwamba ndani ya maji yaliyofungwa yale madhara mawili yanashikana mikono, na ukimfukuza mmoja peke yake, mwenzake anapata nafasi.

Tazameni tena mfuko wa vifaranga. Ni lori lile lile, dogo. Nimewaona wafugaji wengi, watu makini kabisa, wakifungua mfuko kisha wakikaa saa nzima wanaongeza maji ya bwawa kikombe kimoja kimoja, wakiamini wanawazoesha. Kuna huruma ndani yake, naijua huruma hiyo. Lakini mfuko ukishafunguka, hewa ukaa inatoka na maji ya bwawa yanapandisha pH, huku amonia ya safari nzima ingali mle. Uacheni mfuko uelee juu ya maji ukiwa bado umefungwa, mpaka joto lilingane. Ukishaufungua, watoe upesi na uwaweke kwenye maji safi, na yale ya mfuko myamwage mbali na bwawa.

Na kwa wenye mabwawa ya kijani: mwani hunyonya hewa ukaa juani, hivyo pH hupanda kutwa nzima na kufika kileleni alasiri. Kwenye pH 9 na joto la nyuzi 28, karibu sehemu 4 kati ya 10 za amonia yote zinakuwa huru. Anayepima asubuhi tu haijui alasiri yake. Na msimwage chokaa kali kwenye bwawa lenye samaki na amonia nyingi. Mtakuwa mmepandisha pH kwa mikono yenu.

Nirudi Norwei kidogo, kwenye chujio. Maji yanayozungushwa yanapita kwenye matangi yaliyojaa vipande vya plastiki, na juu ya plastiki hizo wanaishi bakteria. Kundi moja linakula amonia na kutoa naitraiti, jingine linakula naitraiti na kutoa naitreti, ambayo samaki anaivumilia vizuri zaidi. Bakteria hao wanavuta oksijeni nyingi, karibu gramu 4.6 kwa kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia, na wanashusha uwezo wa maji kushikilia pH yake, ndiyo maana vituo huongeza bikabonati kila siku. Wanakua polepole, na kwenye baridi polepole zaidi. Chujio jipya linahitaji wiki nyingi kabla halijaaminika. Makosa ya kusikitisha niliyoyaona yalitokana na mtu aliyekuwa na haraka ya kutia samaki kwenye tangi ambalo chujio lake lilikuwa bado changa.

Hapo amonia inapanda, kisha inashuka, watu wanapongezana, na naitraiti inapanda kimyakimya nyuma yake. Ukimfungua shavu samaki aliyekufa kwa naitraiti unakuta damu si nyekundu, ina rangi ya kahawa iliyochujwa, kwa sababu haiwezi tena kubeba oksijeni. Dawa yake ya haraka kwenye maji baridi ni chumvi ya kawaida, maana kloridi ya chumvi inagombea njia moja na naitraiti kwenye matamvua, na ikiwa nyingi inaishinda. Tulikuwa na magunia ya chumvi mlangoni wakati wote.

Siku ya amonia yenyewe, cha kwanza ni kuacha kulisha. Hilo peke yake hupunguza taka ndani ya saa chache, kwani amonia hupanda baada ya mlo. Cha pili ni maji mapya. Oksijeni ilindwe. pH ukitaka kuishusha, ishuke taratibu. Na kile kipimo cha pH kitunzwe kama jicho: ncha yake isikauke, na kirekebishwe kila wiki kwa maji yake maalumu. Nimekuta kipimo cha bei kubwa kimelazwa juu ya dirisha, ncha imekauka na kuganda chumvi, na mtu anaandika daftarini namba kinayotoa, siku baada ya siku.

Sasa, binti, njoo. Zima pampu kwanza. Tumbukiza kipimo, subiri namba itulie, usiikimbilie. Isome kwa sauti.

Amesema 7.6.

Pima na amonia. Weka matone, tikisa, tungoje. Naomba wa nyuma msogee, msimame hapa mbele mwone wenyewe. Linganisha na kadi. Rangi ni ileile ya alfajiri, miligramu 4. Haya, andika ubaoni: joto nyuzi 26, jumla 4. Kwa pH 6.5, amonia huru haikufika 0.01. Kwa pH 7.6, imezidi 0.09. Kati ya namba hizo mbili tumefanya kitu kimoja tu, tumepuliza hewa kwenye beseni kwa muda wa hotuba hii.

Vifaranga wako kwenye ndoo nyeupe. Mnaweza kuja kuwaona.